Mtini au hikori: mti gani utakubali ua wako wa Mwanza?

Mhadhara kwa wakulima wa bustani za nyumbani, Nyegezi, Mwanza

Mwangaluka wazee wangu, mama zangu, na vijana mliokaa kule nyuma. Nashukuru mmekuja jua likiwa kali hivi.

Jirani yangu mmoja wa Mkolani alinijia jioni akiwa na simu mkononi. Alikuwa ametumiwa picha ya mti kutoka Marekani, mti mrefu wenye magome yaliyobanduka vipande virefu kama makuti makavu yanayoning'inia. Ulikuwa mhikori. Akaniambia, "Mwalimu, uani kwangu ipo nafasi ya mti mmoja tu. Mwingine ananishauri mtini, huyu aliyenitumia picha ananishauri huu. Nipande upi?" Sikumjibu palepale, kwa sababu mwenye nafasi ya mti mmoja akikosea, anapoteza miaka. Leo namjibu mbele yenu.

Nianze na hikori, maana ndio mgeni zaidi. Hikori ni jamii ya miti kumi na kitu, mingi ya Amerika ya Kaskazini na michache ya Asia ya Mashariki. Jina lenyewe limetoka kwa wenyeji wa Virginia, watu wa Powhatan, waliokuwa wakitwanga kokwa zake na kukamua kinywaji cheupe kama tui. Mbao zake ni ngumu na hazivunjiki upesi, ndiyo maana Wamarekani huchongea mipini ya shoka, na moshi wake hukaushia nyama. Ndugu yake anayejulikana zaidi madukani ni pekani, kokwa zenye mafuta mengi. Ni mti wa heshima kwao, na sisemi neno baya juu yake.

Kwenye habari ya pekani kuna mtu nisiyeweza kumpita kimya. Wenye mashamba walijaribu kwa muda mrefu kuubebesha mti huo, yaani kuchukua kikonyo cha mti mzuri na kukiunga kwenye shina la mwingine, wakashindwa. Aliyefanikiwa, kwenye miaka ya 1840, ni mtunza bustani mmoja wa Louisiana, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa. Historia imetuachia jina lake moja tu: Antoine. Mwaka 1876 kokwa za aina ile aliyoibebesha zilioneshwa kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, zikapewa jina la maonyesho, si jina lake. Kila mara ninaposhika kisu cha kubebeshea namkumbuka yule mzee.

Sasa tuje kwenye ua wetu. Kabla hujauliza mti utakupa nini, uliza wenyewe unadai nini. Hikori inadai mambo mawili ambayo Mwanza hatuna.

La kwanza ni usingizi. Miti ya nchi zenye baridi hupukutisha majani ikalala, na ndani ya machipukizi yake kuna kama hesabu: hayafunguki vizuri mpaka mti umepitia mamia ya saa za baridi, chini ya nyuzi 7 hivi. Hapo ndipo chipukizi na maua hutoka kwa pamoja. Sisi tupo nyuzi 2 na nusu kusini ya ikweta, na ziwa letu liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai tunajifunika blanketi, lakini kipimajoto kiko mbali kabisa na hizo nyuzi 7. Kokwa ya hikori inaweza kuota hapa, mche ukatoa majani, ukakupa matumaini. Kisha machipukizi yanakaa yamefumba, mengine yanatoka kwa zamu, na maua ya kike na ya kiume, ambayo hata kwao hayakomai siku moja, yanazidi kupishana. Ukingoja uzae, utazeeka.

La pili ni mzizi. Hapa naomba mnisikilize kwa makini, maana kwa watu wa mji wa mawe jambo hili ni kubwa. Mhikori unaanza maisha yake kwa kwenda chini. Mche ambao juu haujafika gotini, chini umeshashusha mzizi mkuu mrefu kuliko mkono wa mtu mzima. Unatafuta udongo wa kina. Sasa panda vilima vyetu vya Bugando, Isamilo au Mabatini, chimba shimo. Futi mbili, jembe linagonga mwamba mpaka cheche zinatoka. Mzizi ule utakwenda wapi? Na hata ukipata udongo wa kina kule Buhongwa, mti wenyewe unafika mita 25 na zaidi, na ukioteshwa kwa mbegu unaweza kukaa miaka 10 hadi 15 bila kokwa hata moja, huko huko kwao kwenye baridi yake. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 chenye nyumba, choo na karo hakina mahali pa kuuweka.

Mtini ni habari nyingine. Asili yake ni Asia ya Magharibi na nchi za Mediterania, na kule huota kwenye nyufa za kuta na miamba. Mizizi yake hutambaa, inapenya palipo na upenyo. Mwamba wa Mwanza unaoshika joto la mchana na kulitoa usiku, mtini unaufurahia. Unapenda jua na udongo usiotuamisha maji, na ule mchanga wetu wa mteremkoni, tunaouita luseni, unaufaa ukiongezewa samadi iliyooza. Mbuga nyeusi inayoshika maji, hapana. Baridi kidogo hauikatai, lakini hauing'ang'anii. Hata mizizi ikibanwa kwenye pipa lililokatwa nusu, unazaa.

Mama mmoja hapa mbele ameuliza: na mkuyu je, si ndio mtini wetu? Ni ndugu, mama. Mkuyu ule alioupanda Zakayo ndio huu huu wa kando ya mito yetu na ziwa. Mliokulia huku mmepasua kuyu mkaona vijidudu vikiruka. Wale ni nyigu wadogo, ndio wanaochavusha, kwa kuwa maua ya jamii hii yamejificha ndani ya tunda. Kila aina ina nyigu wake. Ndiyo maana unaponunua mche wa tini lazima uwe wa aina isiyohitaji nyigu, kwa mfano Brown Turkey. Ile ya Smyrna bila nyigu wa kwao itapukutisha matunda yote. Na mkuyu usiupande uani. Mizizi yake itainua msingi. Uacheni kando ya maji, kazi yake iko kule.

Sasa nieleze nilipoumia. Mtini wangu wa kwanza niliupanda mahali palipokuwa na nyanya misimu mitatu mfululizo. Niliona pana rutuba. Mwaka mzima haukusogea, majani madogo, rangi ya njano. Nilipoung'oa nikakuta mizizi imejaa vinundu kama shanga zilizotungwa. Minyoo fundo. Wanakaa kwenye udongo wa nyanya, bamia na biringanya, na mtini ni chakula chao. Nililia, si uongo. Kwa hiyo epukeni hapo mlipolima mboga hizo, au pandeni kwenye pipa lenye udongo msafi, wekeni samadi na matandazo mengi.

Mvua za masika zikizidi, majani hupata kutu, madoa ya rangi ya tofali upande wa chini, kisha yanaanguka. Yaokoteni, myafukie mbali. Utomvu wake mweupe unawasha, na ngozi iliyopakwa utomvu ikipigwa jua inaungua; watoto waangaliwe. Mtini nao uwe hatua saba au nane kutoka kwenye karo na bomba la maji.

Kuvuna kunahitaji jicho. Tini ikichumwa mbichi haiivi ndani ya kapu kama ndizi au embe. Itazame shingoni: ikiwa bado imesimama, iache. Siku yake ikifika shingo inalegea, tunda linainama lenyewe kama mtu anayesinzia, ukiliminya ni laini, na wakati mwingine tone la asali linaning'inia kitakoni. Lichume asubuhi hiyo hiyo, maana popo na ndege nao wameshaliona. Mimi huvisha kila tunda kifuko cha chandarua cha zamani.

Anayetaka mti wa kokwa kwa kweli, namwelekeza kwenye mkungu. Watoto wanaponda kokwa zake mitaani kila siku, kivuli chake ni kipana, na haudai baridi. Na tafadhali, msiombe ndugu zenu wa ng'ambo wawatilie kokwa za hikori kwenye begi. Mbegu inayoingia nchini inahitaji kibali na ukaguzi. Ugonjwa mmoja uliojificha kwenye ganda unaweza kumaliza miti ya watu wengi.

Jirani yangu wa Mkolani yupo hapa, amekaa karibu na mlango. Baba, jibu lako ni mtini. Kwenye ndoo ile kuna vikonyo nilivyokata jana kutoka kwenye mti wangu wa pili, vina urefu wa shibiri moja na zaidi, unene wa kidole. Utomvu umeshakauka. Fukia theluthi mbili, macho mawili yabaki juu, na usigeuze kichwa chini. Mwagilia kidogo kila baada ya siku mbili, kivulini, wiki sita hivi, mpaka ukikivuta polepole uhisi kimeshika. Vuli ikianza kitie ardhini. Kuna vikonyo arobaini, kila nyumba ichukue kimoja kwanza.