Barabara ya Kusini na Maji Yake

Ndugu zangu, mwulize mtu wa Lindi kwa nini Dar es Salaam ilikuwa mbali. Hatakutajia kilomita, atakutajia maji.

Njia yenyewe haina kona nyingi za kueleza. Mbagala, Mkuranga, Kibiti, Ikwiriri, kisha unavuka Rufiji. Unapita Somanga mpaka njia panda ya Nangurukuru. Kushoto ni Kilwa Masoko. Ukinyoosha unafika Lindi, halafu Mingoyo: kulia Masasi, mbele Mtwara.

Zamani Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu. Mto ukifura, kivuko kinasimama na malori yanalala foleni. Mwaka 2003 likafunguliwa Daraja la Mkapa, mita 970, na wengi wakadhani shida imekwisha. Kumbe mbele yake zilibaki kilomita 60 za Ndundu–Somanga, ambazo zilingoja lami kwa takriban miaka kumi mingine.

Kwenye mabonde kama haya adui wa kwanza ni udongo mfinyanzi mweusi. Ukilowa unavimba, ukikauka unanywea. Ukiuwekea lami hivihivi, utaona ufa mrefu karibu na bega la barabara. Maji yanaingia humo, na lori la mzigo linamalizia. Ndiyo maana huchimbwa ukatupwa, kikajazwa kifusi kinachoshindiliwa tabaka kwa tabaka, au ukachanganywa na chokaa. Kisha tuta, yaani kilima cha udongo kinachobeba barabara, linainuliwa lipite kimo cha mafuriko.

Hapo ndipo tatizo la pili linapozaliwa, maana tuta refu ni bwawa lisilokusudiwa. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya ziliikata barabara eneo la Somanga, magari yakakwama pande zote mbili. Kwa kawaida tuta haliliwi upande maji yanakotoka. Magogo na tope huziba kalavati, yaani bomba la kupitisha maji chini ya barabara, maji yanapanda, yanafurika juu ya lami na kuanguka upande wa pili. Yanachimba mguu wa tuta, shimo linarudi nyuma chini ya lami, na lami inabaki ikining'inia kama kibaraza. Dereva akiiona juu nzima, anapita. Asipite!

Kubadilisha bomba dogo kwa bomba kubwa hakutoshi kama mdomo wa kutokea hauna sakafu ya zege na mawe ya kuvunja kasi ya maji. Penye mkondo mpana, weka daraja. Na kalavati zizibuliwe Februari, kabla masika hayajaanza, kwa sababu Aprili hakuna anayeweza kuingia humo na koleo.