Nyuzi Zisizoguswa: Mvuto wa Fidla ya Hardanger

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika. Nimeombwa nizungumze juu ya muziki wa ala wa kijadi wa Skandinavia, na kwa kuwa eneo hilo ni pana na muda wetu ni mfupi, nimechagua chombo kimoja cha magharibi mwa Norway, fidla ya Hardanger, ambayo wenyewe huiita hardingfele. Swali langu ni hili: kwa nini muziki huu, usio na mwimbaji wala ngoma wala mpigaji wa pili, humshika hata msikilizaji aliyezaliwa mbali nao?

Tuanze na chombo chenyewe. Ukikitazama kwa mbali utadhani ni fidla ile ile ambayo wapenzi wa taarabu wanaijua, isipokuwa kwamba imerembwa kwa michoro ya wino mweusi na vipande vya gamba la chaza, na mara nyingi ncha ya shingo yake imechongwa kichwa cha simba au cha joka. Ukisogea karibu ndipo utakapoona kwamba chini ya nyuzi nne zinazopigwa kwa uta zimepita nyuzi nyingine, nne au tano, ambazo mpigaji hazigusi kabisa. Nyuzi hizo huitikia zenyewe: sauti ya juu ikiwiana na uzi wa chini, uzi huo hutetemeka na kuvuma, na mvumo wake hubaki hewani hata baada ya uta kuhama. Isitoshe, daraja linalobeba nyuzi ni bapa kuliko la fidla ya kawaida, hivyo uta hugusa nyuzi mbili kwa pamoja karibu muda wote, na mtu mmoja aliyeketi peke yake akasikika kama kikundi. Fidla kongwe inayojulikana, ya Jaastad, huhesabiwa kuwa ya mwaka 1651, ingawa wapo wataalamu wanaoitilia shaka tarehe hiyo.

Kuna pia namna zaidi ya 20 za kulinganisha nyuzi hizo, na kila namna ina rangi yake. Baadhi ya tungo zilisadikiwa kuwa na nguvu ya kumpandisha mpigaji hadi asiweze kuacha, ikabidi anyang'anywe fidla mikononi.

Mvuto wa pili umo katika mdundo, nami nakiri kwamba nilipousikia mara ya kwanza nilidhani mpigaji anakosea. Dansi iitwayo springar ina mapigo matatu, lakini mapigo hayo hayalingani: katika eneo la Telemark la kwanza ni refu, la pili la wastani, la tatu fupi, ilhali huko Valdres lililo fupi ni la kwanza. Anayeyashikilia ni mguu wa mpigaji, unaogonga sakafu bila kukoma. Mgeni akijaribu kufuatisha kwa makofi hupotea upesi, na nadhani kupotea huko ndiko kunakomfanya atake kusikiliza tena.

Si wote waliopendezwa. Waumini wenye msimamo mkali waliiita fidla hii ala ya shetani, na katika karne ya 19 fidla kadhaa zilichomwa moto. Hata hivyo, mwaka 1849 Ole Bull, mpiga fidla mashuhuri, alimpandisha jukwaani Christiania, ambayo leo ni Oslo, mwana wa msaga nafaka kutoka Telemark, Torgeir Augundsson, aliyejulikana kwa jina la Myllarguten. Watu wa mjini wakauketia na kuusikiliza muziki uliozoea kuchezwa harusini.

Baadaye Edvard Grieg, mtunzi wa muziki wa Norway, aliziandika upya kwa ajili ya piano tungo za mpigaji wa fidla ya Hardanger Knut Dahle, zilizokuwa zimenakiliwa na mwanamuziki Johan Halvorsen, akazichapisha mwaka 1903. Ni kazi nzuri, lakini piano haina njia ya kufikia sauti zinazokaa kati ya kitufe na kitufe, ambazo wapigaji wa zamani walizitumia bila kusita.

Sasa nitawasha rekodi ya springar ya Telemark. Nawaomba, uta utakapoinuliwa, msipige makofi mara moja. Zitegeeni masikio nyuzi za chini mpaka zinyamaze.