Jinsi ya Kubadili Vizio vya Kasi ya Dozi ya Mionzi

Habari zenu, karibuni sana. Leo tunabadili vizio vya kasi ya dozi iliyofyonzwa, yaani dozi ya mionzi ambayo mwili au kitu kinapokea kila sekunde, kila dakika au kila saa. Somo hili ni la wanafunzi wa radiografia na yeyote aliyeshika mita ya zamani inayosoma rad wakati fomu aliyopewa inataka grei. Chukua kalamu, karatasi na kikokotoo.

Tazama kwenye skrini. Grei 1, tunayoiandika Gy, ni jouli 1 ya nishati iliyofyonzwa na kilo 1 ya kitu. Kizio hiki kimepewa jina la Louis Harold Gray, mwanafizikia wa Uingereza, na kilipitishwa rasmi mwaka 1975. Kabla ya hapo watu walitumia rad, na mpaka leo utaikuta kwenye mita na vitabu vingi vya Marekani. Grei 1 ni rad 100. Hiyo ishike.

Sasa, kasi ya dozi ina sehemu mbili: juu ya mkwaju kuna dozi, chini kuna muda. Badili ya juu kwanza, andika jibu pamoja na kizio chake, ndipo ushuke kwenye muda. Usirukie kuzidisha kwa namba uliyoikariri.

Tuanze na jepesi. Mita inasoma mrad 5 kwa saa, yaani milirad, sehemu ya elfu ya rad; tunataka mikrogrei kwa saa, yaani sehemu ya milioni ya grei. Rad 1 ni miligrei 10, kwa hiyo mrad 1 ni mikrogrei 10. Tano mara kumi, tunapata 50 µGy/h. Muda hatukuugusa, ilikuwa saa na imebaki saa.

Mfano wa pili ni mashine ya kobalti 60 ya kutibu saratani. Tuseme imepimwa ikatoa sentigrei (cGy, sehemu ya mia ya grei) 150 kwa dakika. Sentigrei 1 ni sawasawa na rad 1, ndiyo maana madaktari wengi walipoiacha rad waliona raha kutumia sentigrei: namba zao za zamani hazikubadilika. Juu ya mkwaju, 150 cGy ni 1.5 Gy. Chini, dakika ina sekunde 60, basi tunagawa 1.5 kwa 60 na kupata 0.025 Gy kwa sekunde. Ukitaka kwa saa, zidisha 1.5 kwa 60: 90 Gy/h.

Hapa wengi hukwama: nizidishe au nigawe? Angalia muda. Ukitoka kwenye dakika kwenda saa, muda umerefuka, namba lazima ikue. Ukienda kwenye sekunde, muda umefupika, namba ishuke.

Tubaki kwenye mashine hiyo hiyo. Mgonjwa amepangiwa 2 Gy leo. Tukiacha marekebisho ya kina cha uvimbe na ukubwa wa eneo, 2 gawa kwa 0.025 ni sekunde 80. Kobalti 60 hupungua nguvu hadi nusu kila baada ya miaka 5.27 hivi, kwa hiyo muda huo ukipita mashine itatoa 75 cGy kwa dakika, na dozi ile ile itahitaji sekunde 160. Ukichanganya dakika na sekunde hapa, anayeumia ni mtu aliyelala kitandani akikuamini.

Twende kwenye herufi ndogo, maana ndizo zinazoniogopesha kuliko hesabu yenyewe. m ni sehemu ya elfu, µ ni sehemu ya milioni, n ni sehemu ya bilioni. Ukikosea herufi moja, umekosea mara 1,000. Tazama mita hii ya kidijitali: inasoma 950 µGy/h. Nikiisogeza karibu na chanzo, inaandika 1.20 mGy/h. Imebadili kizio yenyewe! Anayesoma namba peke yake ataona imeshuka kutoka 950 hadi 1.2, azidi kusogea, kumbe kasi imepanda hadi 1,200 µGy/h. Soma herufi kabla ya namba, kila mara.

Mionzi ya asili itokayo ardhini, kwa wastani wa dunia, ni karibu 60 nGy/h ukiwa nje. Kwa mwaka? Saa 24 mara siku 365 ni saa 8,760. Zidisha kwa 60, unapata 525,600 nGy, ambayo ni 0.53 mGy hivi kwa mwaka. Kuna mahali panapozidi sana, kama Kilima cha Mrima kule Kwale, Kenya, kwa sababu ya thoriamu, metali inayotoa mionzi, iliyo kwenye miamba yake.

Jambo moja la kuangalia: mita ikiandika Sv, yaani sieverti, hiyo ni hesabu nyingine, inayozingatia pia aina ya mionzi. Kwa gama kipengele cha uzito ni 1, kwa hiyo namba hulingana. Kwa alfa ni 20. Usiandike Gy mahali pa Sv kabla hujajua unapima mionzi gani.

Zamu yako. Mita inasoma 0.02 mrad kwa saa. Ni miligrei ngapi kwa mwaka? Simamisha video ukokotoe.

Haya, tusahihishe. 0.02 mrad/h ni 0.2 µGy/h. Mara 8,760 ni 1,752 µGy. Gawa kwa 1,000: 1.75 mGy kwa mwaka. Ukipata 0.00175, rudi uangalie herufi yako.