Sufu Iliyouzwa Ikiwa Bado Mgongoni mwa Kondoo

Karibuni tena. Juma lililopita niliahidi kuzungumzia sala za wamonaki wa Kisitoo, shirika la watawa Wakatoliki. Mtaniwia radhi, leo ni kondoo na madeni.

Twende Fountains, abasia (nyumba ya wamonaki) ya Kisitoo huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Mwaka 1132 wamonaki 13 waliihama abasia ya Mtakatifu Maria mjini York baada ya ugomvi mkubwa. Walitaka Kanuni ya Mtakatifu Benedikto ishikwe kama ilivyoandikwa: ukimya, kazi ya mikono, chakula cha kimaskini. (Ndiyo, Kanuni ileile inayofuatwa kwenye abasia zetu za Peramiho na Ndanda.) Askofu mkuu Thurstan akawapa bonde la mto Skell, pori tupu, tena mwishoni mwa Desemba! Masimulizi ya nyumba yao yanasema walijikinga chini ya mti mkubwa. Wakamwomba Bernardo, abate wa Clairvaux huko Ufaransa, awapokee kwa Wasitoo, naye akawatumia mtawa mzoefu, Geoffrey, awafundishe. Njaa ilikaribia kuwashinda, hadi mwaka 1135 Hugh, dekano (mkuu wa mapadri wa kanisa kuu) wa York, alipojiunga nao akiwa na mali na vitabu vyake.

Sasa sikilizeni. Sharti la Wasitoo lilikuwa wasiishi kwa kodi za wapangaji. Ardhi yao waitumikie wenyewe. Lakini mmonaki anayeitwa kanisani usiku na mchana atachunga kondoo saa ngapi? Jibu lao lilikuwa mabruda. Hawa waliweka nadhiri, ila hawakufundishwa kusoma. Walilala kwao, walikula kwao, hata kanisani walikuwa na upande wao. Ndio waliokaa kwenye mashamba ya mbali na makundi ya kondoo. Vitabu hutaja maabate. Mimi nasema nyumba ile ilisimama juu ya migongo ya mabruda.

Sufu ikawa nyingi, na wafanyabiashara wa Italia wakaja na fedha mkononi kabla kondoo hajakatwa manyoya. Wenzangu wa Bukoba mnacheka, maana butura mnaijua: kahawa inauzwa ingali mtini. Mwaka 1276 Fountains iliwaahidi wanunuzi wa Firenze magunia 62 kwa miaka minne. Fedha ikishapokewa, hasara yote ya zizini ni ya mfugaji, na miaka hiyohiyo upele ulikuwa ukishambulia kondoo wa Uingereza. Deni lililokuwa pauni 900 mwaka 1274 lilifika pauni 6,473 mwaka 1291. Mfalme Edward I aliiweka abasia chini ya msimamizi wake. Watu waliokimbia York wakitafuta ufukara!

Kisha tauni ya 1348 na 1349. Mabruda wakawa wachache mno, mashamba yakakodishwa, na Fountains ikaishi kwa kodi za wapangaji, kitu kilekile waliokuja bondeni walichokikataa. Novemba 1539, chini ya Henry VIII, mfalme aliyezifunga nyumba za watawa, wamonaki wa mwisho walisalimisha nyumba, na mwaka uliofuata ikanunuliwa na Richard Gresham, mfanyabiashara wa London.

Kanisa leo halina paa. Lakini ule upande wa magharibi, ghala chini na malazi ya mabruda juu, urefu wa mita 90 hivi, dari yake ya mawe bado ipo nzima. Wanaolala humo siku hizi ni popo.