Foleni Ije Kwenye Ruta: Kugawa Kasi ya Kupakia kwa Watumiaji wa Mtandao Mmoja

Assalaamu alaykum. Karibuni nyote mnaosimamia mitandao ya skuli na nyumba za wageni hapa Pemba, na wenzetu mliovuka kutoka Unguja.

Kupakia na kupakua ni maneno ya bandarini. Pale gatini Mkoani macho yote yako kwenye kinachoshushwa, na mtandao tunautazama vivyo hivyo: mtu akilalamika kuwa neti nzito, tunakimbilia kupima kasi ya kupakua. Kumbe mara nyingi kilichoziba ni upande wa kupakia, yaani wa kutuma.

Kompyuta inayopakua hurudisha risiti, kwa kawaida moja kwa kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) mbili ilizopokea. Risiti zikichelewa, anayetuma naye hupunguza mwendo. Kupakua kwa megabiti 10 kwa sekunde kunahitaji takriban kilobiti 200 za kupakia kwa ajili ya risiti peke yake. Sasa simu moja ikianza kupeleka video za harusi kwenye hifadhi ya Google, risiti za skuli nzima zinapanga foleni nyuma ya video hizo. Ukurasa haufunguki, na huku njia ya kupakua iko karibu tupu.

Foleni hiyo inakaa ndani ya modemu, kile kifaa kinachotuunganisha na kampuni ya mtandao, na hapo ndipo penye ugonjwa. Bafa, yaani ghala dogo la pakiti zinazosubiri, ya kilobaiti 256 (baiti moja ni biti nane) ikijaa, kwenye laini inayopakia kwa megabiti 5 huchukua sekunde 0.4 kumwagika, laini ikishuka hadi megabiti 2, sekunde nzima. Mazungumzo ya WhatsApp yanakatikakatika kabla hata hayajafika huko. Modemu nyingi hazijui nani ni nani: pakiti iliyotangulia ndiyo inayotoka. Dawa ni kuihamisha foleni ije kwenye ruta yetu, kifaa kinachowagawia watumiaji mtandao, ambapo tunaweza kuipangia utaratibu, na inahama pale tu ruta inapopeleka polepole kidogo kuliko modemu.

Kwa hiyo pimeni kwanza. Kompyuta moja, kwa waya, wengine wote wametolewa. Asubuhi, adhuhuri na saa 3 usiku. Chukueni kipimo cha chini kabisa, kateni asilimia 10. Kama cha chini ni megabiti 5, ruta iandikieni 4.5. Hiyo nusu megabiti msiionee choyo, maana mkiirudisha, foleni nayo inarudi kwenye modemu.

Halafu ndiyo kugawa. Wengi hugawa mara moja kwa wote: 4.5 kwa kompyuta 30, kila moja kilobiti 150, imekwisha. Mimi sikubaliani na njia hii. Mwalimu aliyebaki peke yake usiku akipeleka faili la megabaiti 60 atakaa dakika 53, na laini nzima, lau ingekuwa wazi kwake, ingemaliza kwa chini ya dakika 2. Mgao uwe wa papo kwa papo, kwa kadiri ya waliopo.

Kwenye ruta za MikroTik foleni inayogawa hivyo inaitwa PCQ, na imo tayari: pcq-upload-default hutenganisha watu kwa anwani ya anayetuma, pcq-download-default kwa anwani ya anayepokea. Ingieni Queues, ongezeni Simple Queue moja, Target iwe mtandao wenu wote, tuseme 192.168.88.0/24. Max Limit ya Upload andikeni 4500k, ya Download asilimia 90 ya kipimo chenu, kisha kwenye Queue Type wekeni hizo mbili, kila moja upande wake. Thamani ya pcq-rate ikibaki 0, wawili wanagawana nusu kwa nusu, na wakiwa kumi kila mmoja anapata fungu moja la kumi. Nyumba ya wageni inayotaka dari kwa kila mgeni iandike 1M hapo.

Wenye ruta zinazotumia programu ya OpenWrt wekeni luci-app-sqm, chagueni cake (aina ya foleni inayogawa kwa haki), na katika maelezo ya ziada ya upande wa kutoka andikeni nat dual-srchost. Neno nat likisahauliwa, cake inaiona anwani ya ruta tu na kuwahesabu watu wote kuwa mtu mmoja.

Kosa linalowatoa watu jasho kuliko yote ni FastTrack, njia ya mkato ya kupitisha pakiti. Faiwoli ya MikroTik inakuja nayo, na pakiti zinazopitia huko haziigusi foleni yenu. Dalili yake: watu wanapakia, na kihesabu cha foleni hakisogei ipasavyo. Zimeni kanuni hiyo.

Kosa la pili ni ruta ya ziada ya ghorofani iliyochomekwa kwenye tundu la WAN (la kuelekea mtandao wa nje). Wageni wake wote wanaonekana anwani moja, wanapata fungu la mtu mmoja. Hamishieni waya kwenye tundu la LAN (la mtandao wa ndani), zimeni DHCP (huduma ya kugawa anwani) ya ruta hiyo, na anwani yake ya usimamizi isigongane na ya ruta kuu.

Na kwa wale wa Mji Mkongwe: simu iliyo nyuma ya kuta nene za mawe na chokaa hutuma kwa mwendo mdogo na kuishikilia hewa ya waifai kwa muda mrefu. Hilo foleni hailiponyi. Panahitaji kituo kingine cha waifai, kwa waya.

Kuhakikisha, kompyuta moja ipakie video kubwa, nyingine ipige pingi, yaani ipime muda wa pakiti kwenda na kurudi. Kama mtandao ukiwa kimya pingi ni milisekunde 40, sasa isipande zaidi ya 70 hivi. Ikifika mamia, shusheni 4500k iwe 4200k, mpime tena, na mrudie saa 3 usiku.