Bahari ya Paje, kwenye Kioo na kwenye Karatasi

Assalaam alaykum walimu wangu, na nyinyi vijana mnaosanifu vipeperushi na mabango hapa Unguja.

Msimu wa watalii ukikaribia, malalamiko ni yale yale. Mwenye hoteli kaletewa vipeperushi vyake. Kwenye kompyuta bahari ya Paje ilikuwa firuzi inayowaka. Karatasini imekuwa buluu iliyofifia. Anamgeukia mchapaji: wino umeutia maji? Leo nimekuja kumtetea mchapaji.

Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga. Kila nukta ina vitaa vitatu: chekundu, cha kijani na cha buluu. Vyote vikiwaka kwa nguvu unaona nyeupe, vikizimwa unaona nyeusi. Karatasi haina mwanga wake. Jua au balbu huimulika, wino ukala sehemu ya mwanga huo, na unaobaki ndio unaorudi jichoni. Wino wa samawati hula nyekundu, wa magenta (waridi iliyokolea) hula kijani, wa manjano hula buluu. Kioo kinaongeza, wino unapunguza. Wino mweusi huwa wa nne kwa kuwa hizo tatu zikikutana hutoa kahawia iliyokoza tu.

Sasa turudi Paje. Firuzi ile hutokea kijani na buluu zinapowaka pamoja, karibu na ukomo wa nguvu zao. Karatasini tunaitafuta kwa samawati na manjano kidogo. Lakini wino wa samawati si safi hivyo: mbali na nyekundu, hunyang'anya pia sehemu ya kijani na ya buluu. Kinachorudi jichoni ni kichache kuliko tulichokitaka, na hapo hata mashine ya mamilioni haina la kufanya. Buluu ya maji ya kina nayo ina balaa lake: magenta ikizidi kidogo tu, inageuka zambarau. Ipunguzeni kabla hamjapeleka kazi, nawaomba sana.

Wala si kweli kwamba kioo hushinda kila mara. Mwaka 1996 kampuni za HP na Microsoft zilipendekeza kipimo cha sRGB, yaani mipaka ya rangi za kuoneshwa kiooni, ambacho vioo vingi vinakifuata hadi leo, na samawati safi ya wino iko nje ya mipaka yake. Wino una rangi ambayo kioo cha namna hiyo hakiwezi kuionesha sawasawa.

Karatasi nayo ina neno. Ya gazeti hunywa wino na rangi ikapoa. Ya kung'aa huubakisha wino juu, rangi ikakolea.

Basi mwombeni mchapaji sampuli, kwa karatasi ile ile itakayotumika. Msiitazame chini ya balbu ya manjano ya dukani. Wachapaji wenye vifaa hukagua kazi chini ya taa ya Kelvin 5000, nyeupe kama mwanga wa mchana. Asiye na taa hiyo aitoe barazani, mchana, kivulini. Mteja akiridhika, atie saini juu ya sampuli hiyo, si juu ya picha aliyotumiwa kwenye simu.