Punda Halalamiki: Namna ya Kumsoma Kabla Hajaanguka

Assalaam alaykum. Wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana wa punda mliokaa karibu na mlango: sitawaweka sana. Najua maji yakijaa jahazi la mchanga linafunga gati, na nyinyi ndio mnaongojwa.

Nimeombwa nizungumze juu ya magonjwa ya punda. Kidonda cha mgongoni, jicho lililovimba, kwato iliyopasuka, hayo mnayaona bila mimi. Leo nataka kuzungumzia siku moja au mbili kabla ya ugonjwa kuonekana, maana punda anapoletwa kwangu akiwa hawezi tena kusimama, mwenyewe huniambia, "Daktari, jana alikuwa mzima." Jana hakuwa mzima, alikuwa amenyamaza tu.

Kunyamaza huko ni kwa asili. Mwaka 2022 watafiti waliosoma vinasaba vya punda wa nchi nyingi walionyesha kwamba mnyama huyu alianza kufugwa huku kwetu, Afrika ya mashariki, yapata miaka 7,000 iliyopita. Punda-mwitu wa Afrika wamebaki wachache, Eritrea na Ethiopia, kwenye jangwa la mawe lisilo na malisho ya kutosha kundi kubwa. Kule kila mmoja anajitegemea, na anayechechemea ndiye anayeonwa kwanza na fisi. Kwa hiyo punda anayekubebea matofali hapa Lamu amerithi tabia ya kuficha maumivu. Farasi akishikwa na msokoto wa tumbo hujibwaga chini, akagaragara, akajipiga teke tumboni, mtaa mzima ukajua. Punda mwenye msokoto ule ule husimama pembeni, kichwa kimeshuka kidogo. Wapita njia watasema anapumzika.

Basi usingoje dalili kubwa. Tafuta mabadiliko, na mabadiliko huwezi kuyaona kama hujui kawaida ya punda wako. Yupo anayelia kila asubuhi akisikia mlango. Yupo mkorofi wa kufungwa kamba, hakubali mpaka umbembeleze. Siku huyo mkorofi akisimama kimya ukamfunga bila vita, wengi wetu tunashukuru Mungu, tunasema leo ametulia. Mimi ningemtazama mara mbili.

Tuanze na kula, maana hapo ndipo punda anapotudanganya zaidi. Punda mgonjwa anaweza kwenda kwenye majani pamoja na wenzake, akaingiza mdomo, akayageuzageuza, midomo inacheza, na asimeze kitu. Ukitazama kwa mbali utaapa kwamba amekula. Sogea. Tazama misuli ya shavu: inafanya kazi kweli? Sikiliza: punda anayetafuna majani makavu anasikika, krap, krap, bila haraka. Tazama koo, utaona tonge likishuka upande wa kushoto wa shingo. Halafu angalia chini. Ukikuta vidonge vya majani yaliyotafunwa nusu na kutemwa, vimelowa mate, tatizo liko kwenye meno. Punda hacheui kama mbuzi, kwa hiyo hicho si cheuo. Meno yake huendelea kuchomoza maishani mwake yote na husagika bila usawa, yakaacha ncha kali zinazochoma shavu na ulimi. Harufu mbaya ya kinywa ni ushahidi mwingine.

Kwa nini nashikilia kula kiasi hiki? Kwa sababu punda asiyekula ana hatari ambayo ng'ombe na mbuzi wako hawana kwa kiwango hicho. Mwili wake ukikosa chakula huanza kuyeyusha mafuta yaliyohifadhiwa na kuyamimina kwenye damu. Kwa punda mwenye afya mafuta hayo hutumika na kumalizika. Kwa punda mnene, au jike mwenye mimba, au anayenyonyesha, mafuta humiminika kuliko ini linavyoweza kuyashughulikia. Ini linajaa mafuta, figo zinaharibika, damu yenyewe ikitolewa inaonekana na weupe kama maziwa. Kufikia hapo wengi hatuwaokoi. Na kilichoanzisha yote kinaweza kuwa jino, homa ndogo, au safari ndefu ya mashua. Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: punda aliyeacha kula ni dharura siku hiyo hiyo. Usimpe siku mbili za kumwangalia. Na hapa wenye punda wanene msinifurahie, kwani yule mnayemsifu kuwa ana siha ndiye ninayemwogopea. Tena mafuta ya ukingo wa shingo huganda pale hata mwili ukikonda, hivyo shingo si kipimo. Pitisha mkono kwenye mbavu.

Upande wa pili wa chakula ni choo. Mavi ya punda mzima ni vidonge vilivyoshikana, vinavunjika ukivikanyaga, vina unyevu kidogo. Yakiwa madogo, makavu, yamefunikwa ute, au asubuhi ukikuta zizi safi kupita kawaida, tumbo limesimama. Hapa mjini tuna shida yetu: tunawaachia usiku wazunguke vichochoroni wajitafutie, na wanachokuta jalalani ni maganda ya maembe pamoja na kamba za nailoni na magunia ya plastiki. Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, ni jambo jema, lakini punda hasomi sheria na vipande vingine bado vipo. Vikijikusanya tumboni havitoki. Mchanga anaolamba pamoja na makombo nao ni vivyo hivyo.

Sasa msimamo. Masikio ya punda mzima hayatulii, moja huku moja kule, yanafuata sauti. Yakining'inia pembeni wakati watoto wanapiga kelele karibu, kuna jambo. Kulaza mguu mmoja wa nyuma ni mapumziko ya kawaida. Mguu wa mbele si kawaida. Akibadilisha uzito kushoto na kulia, au akikataa kukata kona kali kwenye kichochoro alichokipita miaka yote, shika kwato zake kwa kiganja. Zikiwa na joto kuliko kawaida yake, na mshipa wa juu ya kwato unadunda kwa nguvu, kwato zinawaka ndani. Kijana atamchapa akidhani ni ukaidi. Ule msemo wa punda afe mzigo ufike nadhani uliutunga mtu aliyekodi punda.

Ufizi uwe wa waridi na wenye unyevu. Bonyeza kwa kidole, uache: rangi irudi ndani ya sekunde mbili. Joto la punda mkubwa ni kama nyuzi 37, chini kidogo ya farasi. Pepopunda nayo huanza kimya: anatembea kama mbao, mkia umesimama, na ngozi ya ndani ya jicho inajitokeza ukimgusa kidevu. Kidonda kilichoingiza ugonjwa huo huenda kilishapona. Chanjo ipo, na ni rahisi kuliko kumuuguza.

Kiu msiitegemee sana. Punda huvumilia upungufu wa maji kuliko wanyama wengi, kwa hiyo atakapoonekana ana kiu ameshaumia muda mrefu. Na wengine hawanywi maji machafu kabisa, mkadhani hawataki. Badilisha ndoo kwanza.

Naona mikono imeinuliwa. Haya, ulizeni.

*Nikimwona hali chakula usiku, nimpe nini?*

Mletee kitu anachopenda, majani mabichi, ganda la ndizi, ajaribiwe. Usimmiminie mafuta wala dawa ya miti kwa chupa akiwa amenyong'onyea, inaingia mapafuni. Dawa za maumivu za binadamu ziache dukani. Asubuhi mapema mlete. Mji huu una bahati ya kuzoea tiba ya punda tangu 1987, ilipofunguliwa zahanati ya The Donkey Sanctuary, shirika la kutunza punda, kwa hiyo hakuna wa kusema hajui kwamba punda hutibiwa.

*Wazee walikuwa wanamchoma kwa chuma cha moto, akainuka.*

Mzee wangu, aliinuka kwa sababu amechomwa. Ugonjwa uko pale pale, na sasa ana kidonda cha pili.

*Mwenzake amekufa, tangu hapo amezubaa. Ni huzuni au ugonjwa?*

Huanza kama huzuni, na akiacha kula inageuka ugonjwa, ule wa mafuta niliousema. Punda wawili waliozoeana wanashikamana kweli. Mwenzake akifa, usimwondoe mzoga haraka mbele yake, mwache anuse mpaka mwenyewe aondoke. Halafu mhesabie kila tonge kwa wiki kadhaa.

*Wanangu wana punda wao nyumbani, habebi kitu, anachezewa tu. Huyo nimwangalie nini?*

Mama, huyo ndiye anayefichika zaidi. Punda wa mzigo mapafu yakiharibika atakohoa akipanda mlima, utamjua. Wa nyumbani hana kinachompima. Anaweza kuishi na mapafu mabovu miaka, hajikazi, hakuna anayegundua mpaka akiwa hoi. Wafundishe watoto wahesabu pumzi kwa kutazama ubavu, dakika nzima kwa saa ya simu. Akiwa ametulia ni kama 20, siku za joto zinapanda kidogo. Waandike ukutani kwa makaa, kila Ijumaa. Pua zikipanuka akiwa amesimama tu, au tumbo linasukuma mara mbili kwa pumzi moja, njoo. Lakini wahesabu akiwa kivulini, si baada ya kukimbizana naye.